Kati ya Vijana na Kina Mama

Kavutha alifika miaka thelathini na mitatu bila kujiona mtu wa kuitwa shangazi, mpaka Jumapili moja ya mwezi wa pili, misa ilipokwisha, mwenyekiti wa vijana alipomsimamisha kando ya mlango wa sakristia. Mwenyekiti huyo aliitwa Antony, kijana mpole aliyemaliza chuo juzi tu, na hakuwa na ubaya na mtu. Ilionekana wazi kwamba alikuwa ametumwa. Alizungusha funguo kidoleni, akatazama viatu vyake, kisha akasema alichotumwa kusema.

"Anti, usikasirike. Kwaya ya vijana tunaipunguza, wale wadogo wamekuwa wengi. Tumeonelea wewe sasa uende kule kwa kina mama, muendelee na mambo yenu."

"Mambo yetu gani?"

Antony alicheka kidogo, akasema Mungu ambariki, akaondoka haraka kuelekea uwanjani ambako wenzake walikuwa wanapanga viti.

Kavutha alibaki pale na sare ya kwaya mkononi, ile ya kijani yenye kola nyeupe aliyoishona mwenyewe. Hakulia. Alienda kwenye choo cha parokia, akaikunja vizuri, akaitia ndani ya mkoba, akatoka akisalimia watu kama kawaida. Lakini neno "Anti" lilimfuata njia nzima hadi nyumbani, na jioni alipokuwa akipika ugali wa mtu mmoja alijikuta amesimama mbele ya kioo kidogo cha ukutani, akijitafuta usoni ili aone huyo anti ameingia lini.

Alikuwa na kibanda chake sokoni Tala, safu ya nyuma, ukiwapita wauza mitumba na kabla hujafika kwa wauza misumari na mabati. Alikuwa anafuma sweta za shule. Mashine yake ilikuwa ya zamani, ya kusukuma kwa mkono, na mtu aliyepita nje aliisikia ikienda na kurudi tangu asubuhi. Rangi za shule zote za kuanzia Kangundo hadi Matungulu alizijua kwa moyo: damu ya mzee kwa hawa, samawati kwa wale, kijani chenye mstari wa njano kwa wengine. Januari hakuwa na muda wa kula. Miezi mingine kazi ilikuwa ya kusuasua, na mashine iliponyamaza ndipo mawazo yalipoanza.

Kabla ya hapo alikuwa Athi River, kwenye viwanda vya EPZ vinavyoshona nguo za kuuzwa nje, akishona kola za mashati ambayo hakuwahi kumwona mtu ameyavaa. Kazi yenyewe haikuwa ya kusifiwa. Ulikaa kwenye laini, supavaiza akiwa mgongoni, na hata kwenda msalani uliomba ruhusa. Lakini jioni kulikuwa na ploti, ile safu ya vyumba vya kupanga. Wasichana wanne walipanga chumba kimoja, na mmoja wao, Wendy, alikuwa mtu wa kuchekesha hata wagonjwa. Jumamosi walitoa godoro nje, wakasukana nywele kwenye veranda, wakanunua chipsi za kugawana, wakasema vibaya juu ya supavaiza mpaka mbavu ziwaume. Mtu akitaka kulala mapema aliambiwa akalale kaburini. Kavutha hakujua wakati ule kwamba hayo yalikuwa ni maisha. Alidhani ni mahali pa kungojea maisha. Kandarasi zilipokwisha na wenzake wakatawanyika, Wendy akaolewa Mlolongo, yeye alirudi Tala na mashine yake ya mtumba, akasema atapumzika kidogo. Miaka mitano ikapita.

Tala si mji wa kulalamikiwa. Siku ya soko watu hujaa mpaka bodaboda hukosa pa kupenya, na hakuna kitu utakachokitafuta ukakikosa. Ila kina mama wakishafunga turubai zao na magari ya mizigo yakaondoka, kila mtu hurudi kwake, na ndipo mtu asiye na wa kumrudia hujua kwamba siku imekwisha. Wanaume wangeweza kwenda kwenye baa kutazama mpira. Wanawake wenye nyumba walikwenda kwenye nyumba zao. Kavutha alijaribu siku moja kukaa hotelini peke yake, jioni ya Jumamosi, na chai na mandazi mbele yake, ili tu asikie sauti za watu. Mhudumu alimwuliza kama anamngoja mtu. Alisema ndiyo. Akangoja kwa heshima ya uongo wake mpaka chai ikapoa, akalipa, akaenda.

Baada ya yale maneno ya Antony, alifanya kama alivyoambiwa. Alihudhuria mkutano wa kina mama. Walimpokea kwa mikono miwili, wakampa kiti cha mbele, na kwa saa nzima alisikiliza habari za wakwe, za watoto waliokataa maziwa, za mume wa fulani aliyepona presha. Hakuwa na la kuchangia, akawa anatikisa kichwa. Mwishoni mwenyekiti wao, mama mnene mwenye sauti nzuri, alisimama akasema wasiondoke kabla hawajamkumbuka binti yao. Kavutha hakuelewa hadi alipoona wamemzunguka. Waliweka mikono juu ya kichwa chake na mabegani, wakamwomba Mungu ampe mume, tena haraka, tena mwenye kazi. Mikono ilikuwa ya joto na mizito, na waliomba kwa moyo wote. Yeye alifumba macho, uso ukimwaka, akajisikia kama mgonjwa ambaye hakuwa ameambiwa ugonjwa wake.

Alipotoka nje alimkuta mwanamke mwingine ameegemea ukuta, anavuta pumzi. Alikuwa Kaluki, muuguzi wa zahanati, mwenyeji wa Mwala, aliyehamishiwa Tala mwaka uliopita. Kavutha alimjua kwa sura tu, kwa sababu aliwahi kumchoma sindano ya pepopunda.

"Na wewe wamekuombea?" Kaluki aliuliza.

"Sasa hivi."

"Mimi waliniombea mwezi jana. Mpaka leo bado naskia kichwa kizito."

Walitazamana, kisha wakaangua kicheko ambacho hakikuwa na staha yoyote, mpaka mama mmoja akachungulia dirishani. Hivyo ndivyo walivyoanza urafiki. Walitembea pamoja hadi njia panda, na walipofika hawakuachana. Kaluki alisema anatafuta tu mahali pa kukaa na watu bila kuulizwa maswali. Kavutha alisema naye anatafuta hapo hapo.

Mahali penyewe palipatikana kwa mzee Bartholomew, aliyekuwa na hoteli karibu na steji ya matatu. Jumapili mchana hoteli haikuwa na wateja, na nyuma yake kulikuwa na chumba alichowekea makreti ya soda. Kavutha alimfumia mjukuu wa mzee huyo sweta, akamwomba mzee chumba. Mzee aliuliza ni cha maombi. Akamwambia hapana. Akauliza ni cha siasa. Hapana. Mzee alifikiri, akasema basi ikiwa ni cha kukaa tu, hana ubaya, ila wasimvunjie chupa.

Jumapili ya kwanza walikuwa wawili. Ya pili Kaluki alikuja na mwalimu wa hesabu aitwaye Mulwa, mtu wa miaka thelathini na kitu ambaye tangu alipohamia hapo alikuwa anasahihisha madaftari Jumapili nzima kwa sababu hakujua kingine cha kufanya. Kisha akaja msichana wa duka la simu, na fundi seremala, na Mike, dereva wa bodaboda aliyeachwa na mke na aliyetaka kujua kama aliyeachwa pia anahesabiwa. Wakamwambia anahesabiwa. Walipika muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, kwenye jiko la hoteli, wakacheza karata, wakabishana juu ya mambo yasiyo na maana: kama paka ana akili kuliko mbwa, kama mtu anaweza kusahau lugha yake. Kulikuwa na kanuni moja tu, na Kavutha ndiye aliyeiweka: hakuna kumwuliza mtu ataoa au ataolewa lini.

Mji ulisema, kama miji inavyosema. Wengine walidai ni dini mpya, wengine wakadai ni danguro la soda. Mama yake Kavutha, Kalondu, aliyeishi shambani njia ya Kangundo, alizisikia habari hizo kwa jirani na akazimeza bila kuuliza. Alikuwa mjane tangu binti yake akiwa darasa la pili, na hakuwa mtu wa maneno mengi.

Mwezi wa sita baridi iliposhuka, mtu mmoja alisimama mlangoni mwa kibanda akiuliza kama anafuma sweta za watu wakubwa. Alikuwa mrefu, amevaa buti za kazi zenye vumbi jekundu, na sauti yake ilikuwa ya chini kama ya mtu aliyezoea kukaa peke yake. Jina lake lilikuwa Ndunda. Alikuwa fundi wa minara ya simu. Kampuni iliyomwajiri ilimpa eneo lote hilo, kuanzia Kilimambogo hadi vilima vya Kangundo, na huko juu, alisema, upepo wa asubuhi huingia hadi kwenye mifupa.

Kavutha alimwambia kwa muda mrefu amefumia watoto tu. Ndunda akasema basi amhesabu kama mtoto mkubwa. Kavutha alichukua utepe. Alikuwa amepima vifua vya watoto wengi sana, vifua vyembamba vinavyotetemeka kwa kicheko, na mikono yake ilizoea kufanya kazi hiyo yenyewe. Sasa ilimbidi anyooshe mikono na kuizungusha nyuma ya mgongo wa mtu aliyekuwa ametulia tuli, akinukia sabuni ya kipande na chuma. Utepe ulimponyoka. Aliuokota, akaanza upya. Ndunda alitazama juu, kwenye paa la bati, kwa adabu.

Sweta hiyo ingemchukua siku mbili. Ilimchukua wiki mbili. Kila Ndunda alipopita kuuliza, alimwambia mkono wa kushoto umemkataa, ameufumua, anaurudia. Ilikuwa kweli kwamba aliufumua. Haikuwa kweli kwamba ulikuwa na kasoro. Ndunda naye hakuonekana kuwa na haraka. Alikaa kwenye kibao cha wateja, akasimulia juu ya minara: jinsi ndege wanavyojenga viota mahali pabaya, jinsi ukiwa juu unavyosikia mbwa wa kijiji kizima na hakuna hata mmoja anayekubwekea wewe. Alikuwa amekaa Isiolo, Voi, Lodwar, Bomet, mwaka hapa, miezi kumi pale. Kavutha alimwuliza kwao ni wapi. Alisema Masinga, ila akienda sasa watu wa nyumbani humkaribisha kama mgeni, humpa kikombe kile cha wageni.

Sweta ilipokwisha Kavutha alimwalika, na Jumapili iliyofuata Ndunda alikuja kwenye chumba cha makreti, ameivaa. Ilikuwa ya kijivu, yenye kola ya kukunja, na Kaluki alipoiona alimtazama Kavutha kwa muda mrefu, akasema kwa Kikamba kwamba sweta hiyo haikufumwa na mashine peke yake. Kavutha akamwambia anyamaze.

Miezi iliyofuata ndiyo Kavutha angeikumbuka baadaye kwa uchungu mtamu. Hakukuwa na jambo kubwa lililotokea. Ndunda alikuja Jumapili, akapika chapati bora kuliko wanawake wote waliokuwepo, akapoteza kila mchezo wa karata bila kujali. Siku za kazi, akimaliza mapema, alipita kibandani. Walikunywa chai ya kwenye themosi. Mara nyingine Kavutha alisukuma mashine tu, Ndunda akakunja sweta zilizokwisha kwa unadhifu wa mtu aliyekunja nguo zake mwenyewe miaka mingi. Watu wa sokoni walianza kumsalimia kama mtu wa pale. Muuza misumari alimwita shemeji, na Ndunda hakukana, wala hakukubali.

Hilo ndilo lililokuwa likimla Kavutha. Hakukana, wala hakukubali. Jioni Ndunda alimsindikiza hadi mlangoni kwake, akasimama hatua moja nje, akasema, "Haya, lala salama," akaenda. Kavutha alifunga mlango na kubaki amesimama nyuma yake, mkono ungali kwenye komeo, akisikiliza buti zikienda hadi zisisikike tena. Alitaka vitu vidogo tu. Alitaka siku moja Ndunda ageuke, arudi. Alitaka kusikia mtu mwingine akikohoa ndani ya nyumba. Alitaka kuuliza, "Umefunga mlango?" na kujibiwa kwamba umefungwa.

Mwezi wa kumi Ndunda aliwaalika wote kupanda Kilimambogo. Alikuwa na kazi juu huko mara kwa mara na aliwajua askari wa wanyamapori, na mmoja wao aliwasindikiza na bunduki kwa ajili ya nyati. Mulwa alichoka kabla ya nusu ya njia na akatoa mafunzo juu ya umuhimu wa kwenda polepole. Mike aliimba. Mlima huo wanauona kila siku kutoka Tala, umekaa pale kama mtu aliyelala kwa ubavu, na karibu hakuna kati yao aliyewahi kuupanda. Walipofika juu ukungu ulikuwa umeondoka. Waliona Thika na mashamba ya mananasi, na upande mwingine, mbali, majengo ya Nairobi yakiwa madogo kama meno. Kavutha alitafuta Tala, akaipata: paa chache za bati zinazometa. Alishangaa jinsi ilivyokuwa ndogo, na jinsi kila alichokitaka kilivyoenea humo, ukiondoa mmoja aliyesimama kando yake.

Wenzao walikuwa wamekaa kivulini wakila mayai ya kuchemsha. Ndunda alimwita kando, kwenye jiwe, akamwambia barua ya uhamisho imetoka. Anapelekwa Garissa, mwisho wa mwezi.

Kavutha alijua kwamba wanawake hufundishwa kungoja waulizwe. Mama yake alimlea hivyo, na wale kina mama wenye mikono mizito wangemwambia vivyo hivyo. Lakini alikuwa amengoja vya kutosha, na huko juu upepo ulikuwa unachukua maneno upesi, kwa hiyo aliona heri aseme.

"Sitaki uende," alisema. "Najua kazi ni kazi. Lakini nisiposema leo nitakuja kusema peke yangu kwa nyumba. Mimi nakutaka, Ndunda. Si wa kucheza karata. Nakutaka wa kukaa na mimi."

Ndunda alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Nimejua," alisema. "Na mimi si kwamba sitaki. Lakini mimi nimezoea kuondoka, Kavutha, sijui kukaa. Mahali pote nimeenda nimesema hapa nitakaa. Nikikuambia nitarudi, nitakuwa nakudanganya. Nikikuambia sitarudi, hiyo pia nitakuwa nakudanganya. Sasa nikuambie nini?"

"Usiniambie kitu."

"Ungekuja Garissa?"

Swali hilo alikuwa ameliota mara nyingi, ingawa kwenye ndoto mji ulikuwa na jina lingine. Alifikiria mashine yake, na mama yake peke yake shambani, na chumba cha makreti ambamo watu wanaingia bila kubisha hodi. Alifikiria kuanza tena mahali ambapo hakuna anayelijua jina lake, akimngoja jioni mtu ambaye mwaka ujao ataambiwa aende Wajir. Alitamani kusema ndiyo kwa nguvu ambayo ilimtisha.

"Hapana," alisema. "Nimetafuta watu muda mrefu sana hapa."

Ndunda aliinamisha kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo la haki. Walirudi kwa wenzao. Kaluki alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akamkabidhi Kavutha yai lililomenywa.

Siku Ndunda alipoondoka ilikuwa siku ya soko na Kavutha alikuwa na wateja. Alikuja na begi mgongoni, wakaagana mbele ya mama aliyekuwa akimjaribisha mwanawe sweta. Ilibidi waagane kwa mkono. Ndunda aliushika mkono wake zaidi ya ilivyo desturi, mama yule akageuka kutazama misumari ya jirani, na hilo ndilo lililokuwa kuagana kwao.

Alipiga simu jioni hiyo, na kesho yake, na siku zote za wiki ya kwanza. Alisimulia joto, ngamia barabarani, chai ya maziwa yenye iliki. Kisha ikawa mara mbili kwa wiki, kisha Jumapili tu. Kavutha alijifunza kuiweka simu mahali ambapo angeiona akiwa kwenye mashine, akajifunza pia kuigeuza kifudifudi ili asiione. Disemba Ndunda hakuja. Kazi ilikuwa nyingi, alisema, na Kavutha alimwamini, na kuamini huko hakukupunguza chochote.

Alikwenda Mlolongo kumtembelea Wendy, akidhani atapata kule kile alichokiacha zamani. Wendy alimkumbatia mpaka akamwinua. Walikaa kwenye sofa ndani ya nyumba ya kupanga, malori yakinguruma barabarani, watoto wawili wakimpanda Wendy kama mti. Alikuwa bado anachekesha, lakini kila hadithi aliikatisha katikati kwenda kumfuta mtu pua. Walipozungumzia ploti ya Athi River, Wendy alisema mambo hayo anayakumbuka kama ya mtu mwingine. Alipomsindikiza alisema, bila utani safari hii, kwamba kuna siku angetoa chochote alale peke yake hadi asubuhi. Kavutha alicheka. Njiani kurudi alitambua kwamba veranda aliyoililia miaka mitano haikuwapo tena popote, hata ndani ya kichwa cha Wendy.

Kundi la Jumapili liliendelea. Mulwa na msichana wa duka la simu walianza kuchelewa kufika, halafu kufika pamoja, halafu kutofika, na ikajulikana kwamba mbuzi wa posa wameshapelekwa. Kavutha alifurahi, akashinda jioni nzima anaosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Lakini nafasi zao zilijazwa. Alikuja karani mgeni wa ofisi ya kaunti ndogo, na dada wawili mapacha wanaofuga kuku, na siku moja hata Antony wa kwaya alichungulia. Wenzake wengi walikuwa wamekwenda Nairobi kutafuta kazi, akasema, na nyumbani kulikuwa kimya mno. Aliuliza kama anaweza kukaa kidogo. Kavutha alimsogezea kreti.

Aprili, shule zilipofungwa, alikwenda shambani kumsaidia mama yake kupalilia. Jioni walikaa nje ya jikoni, wakichambua mbaazi kwenye ungo, jua likiwa bado juu ya migomba ya jirani. Kavutha alijiandaa kwa swali ambalo kila mama wa rika lake aliuliza.

"Yule wa minara," Kalondu alisema, "bado anapiga?"

Kavutha hakujua kwamba mama yake alikuwa na habari za Ndunda. "Anapiga, mwaitu. Mara moja moja."

"Na wewe unampigia?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Alitaka kusema ni kwa sababu mwanamke hampigii, au kwa sababu yeye alishasema lake na sasa ni zamu ya mwingine. Maneno hayo yote yalionekana madogo mbele ya ungo ule. Kalondu alipuliza maganda, akaendelea kwa sauti ile ile ya kuchambua mbaazi.

"Baba yako alipokufa nilikuwa mdogo kuliko wewe sasa. Watu waliniambia nitazoea. Sikuzoea. Nilikuwa natoka hapa jioni naenda mpaka kisimani, na mtungi umejaa, nasema naenda kuchota maji. Nilikuwa natafuta tu mtu wa kusalimia." Aliokota jiwe dogo kati ya mbaazi, akalitupa. "Hakuna aibu kumtamani mtu, Kavutha. Mimi sikuulizi utaolewa lini. Nauliza kama uko na mtu wa kuongea naye."

Kavutha aliinamia ungo. Mama yake hakumkazia macho. Alivuta ungo upande wake, akasema zilizobaki atazimaliza mwenyewe.

Basi Kavutha aliinuka, akatembea hadi mwisho wa shamba, kwenye ule mteremko ambapo simu hushika vizuri. Mahindi yalikuwa yamefika magotini. Alipiga kabla hajajipa muda wa kufikiri. Ililia mara kadhaa, akawa karibu kukata.

"Kavutha," Ndunda alisema. Hakusema haloo. Alilitamka jina tu, kama mtu aliyekuwa amelishika tayari mdomoni.

Alimwuliza kama kuna tatizo. Kavutha akasema hakuna, amepiga tu. Ndunda akauliza Jumapili walikuja nani. Kavutha akaanza kumtajia: Kaluki, na Mike, na mapacha wa kuku wasiokubaliana juu ya chochote, na yule karani anayedai paka ana akili kuliko mbwa. Ndunda alicheka mahali pa kuchekwa. Aliuliza kama bado chapati zinaungua. Kavutha alisema zinaungua. Alisikia upepo upande wa pili, na mtu akiita kwa Kisomali kwa mbali, na pumzi ya Ndunda karibu sana, kama ya mtu aliyekaa kwenye kibao cha wateja.

Hakumwuliza atakuja lini, na Ndunda hakuahidi. Maneno yalikwisha, lakini hakuna aliyesema haya basi. Kavutha alikaa chini kwenye ukingo wa matuta, simu sikioni, akitazama jua likishuka upande wa Kilimambogo, na akaacha muda wa maongezi uendelee kuliwa.